Zana jumuishi si zana maalumu, wala si za jumla

Kwenye semina za walimu wa awali, na hata kwenye orodha za manunuzi ya shule, "zana jumuishi" limegeuka kuwa jina la chochote anachopewa mtoto mwenye ulemavu. Mashine ya kuandikia nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, inaitwa zana jumuishi. Shimesikio, kifaa cha kumsaidia mtoto kusikia, nalo linaitwa zana jumuishi. Sivyo. Zana jumuishi ni ile ambayo watoto wenye mahitaji tofauti wanaitumia pamoja, katika somo moja, kwa lengo moja.

Neno lenyewe linajieleza. Jumuishi limetoka kwenye kitenzi jumuisha, kama shirikishi lilivyotoka kwenye shirikisha. Ni la ukoo wa jumuiya, jamii, jamaa na Ijumaa, maneno yaliyotokana na Kiarabu na yote yanahusu kukusanyika. Wanaokusanywa hapa ni watoto. Jumla, ingawa linafanana nalo kwa sauti, lina mzizi mwingine, nalo huhesabu vitu kwa pamoja bila kujali nani atavitumia. Maalumu liko mbali zaidi: kwa Kiarabu ni "kinachojulikana", ndugu wa elimu na mwalimu. Zana maalumu, basi, ni jibu la hitaji linalojulikana la mtoto fulani.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye kadi za herufi. Kununua kadi za aina moja kwa darasa zima ni kununua kwa jumla. Kumpa mtoto asiyeona kadi zenye nukta nundu peke yake ni maalumu: herufi atazijua, lakini hataweza kucheza mchezo wa kulinganisha na jirani yake, kwa sababu jirani hasomi nukta. Kadi jumuishi ina vyote viwili, herufi ya kuonwa na nukta za kuguswa. Herufi nyeusi yenye urefu wa sentimita 5 hivi kwenye karatasi ngumu nyeupe; uzi wa katani uliogandishwa kufuata mistari ya herufi, na gundi iachwe ikauke usiku kucha, la sivyo uzi unahama kidole kinapopita; nukta nundu chini yake; na kona ya juu kulia ikatwe. Kona hiyo si pambo. Kwa nukta nundu, w ikipinduliwa juu chini inasomeka r, na kona iliyokatwa ndiyo inayomjulisha mtoto mara moja kadi imekaaje.

Kadi zisivishwe laminesheni inayong'aa. Ni kweli zitadumu, lakini mwanga wa dirishani unarudi machoni, na mtoto mwenye ualbino, ambaye kwa kawaida ana uoni hafifu, ataona mng'ao badala ya herufi. Plastiki hiyo pia inalaza nukta.

Picha inayowekwa kwenye kadi nayo ichaguliwe kwa kuwa na jina moja. Picha ya jogoo iliyowekwa kwa ajili ya k ya kuku inamkosesha mtoto aliyejibu sawasawa. Tufaha kwa t ni tatizo jingine: watoto wengi hulijua tunda hilo kama epo, na anayezungumza Kisukuma au Kimaasai nyumbani huenda hajawahi kulisikia neno tufaha. Taa inatosha.

Kwa kuhesabu, vizibo vyeupe vya chupa za maji kwenye sinia lenye ukingo na kitambaa cheusi vinamfaa asiyeona vizuri, asiyesikia, na mwenye mikono isiyo na nguvu, kwa kuwa havidondoki hovyo. Maharage ni rahisi kupata, lakini mtoto wa awali huyaingiza puani, yakalowa na kuvimba humo.

Zana maalumu hazijapungua thamani kwa haya. Shimesikio hupimwa kwa sikio la mtoto mmoja, na mwenzake hawezi kuliazima. Kwenye orodha ya manunuzi, shimesikio na mashine ya nukta nundu ziandikwe chini ya "maalumu", hitaji likitajwa. Kadi, masinia na vizibo ndivyo viingie chini ya "jumuishi", na idadi yake ihesabiwe kwa makundi ya darasa zima, si kwa idadi ya watoto wenye ulemavu.