Kuchoma bweni si utundu: wanavyodhani watu na sheria ya Kenya isemavyo

Kila bweni linapoungua Kenya, maneno ni yale yale: ni utundu wa vijana, wazazi wachange walipe, mambo yaishe.

Hayaishi. Kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayechoma jengo kwa makusudi na bila haki anaweza kufungwa maisha. Fidia hulipa hasara tu. Kesi ni ya Jamhuri, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuiondoa bila ruhusa ya mahakama. Msamaha wa mwalimu mkuu hauifuti.

“Lakini mimi sikuwasha kiberiti.” Utetezi huu unaniuma kuliko yote, kwa sababu mara nyingi unatoka kwa mtoto aliyefuata wenzake. Aliyechanga pesa ya petroli, aliyeficha mtungi nyuma ya choo, aliyesimama mlangoni kumchunga mlinzi: kifungu cha 20 kinamhesabu kila mmoja wao kuwa mtenda kosa, sawa na aliyewasha. Moto ukizimwa kabla haujashika, kujaribu kwenyewe kuna adhabu ya hadi miaka 14. Mtu akifa, shtaka linaweza kuwa la mauaji. Machakos hawajasahau shule ya sekondari ya Kyanguli, ambako bweni lilichomwa usiku mwaka 2001 wakafa wavulana 67.

Wengine hujituliza kwamba mtoto hafungwi. Ni kweli nusu. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai, na aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe vingine. Wanafunzi wengi wa sekondari wameshavuka umri huo. Tena kesi hizi huchukua miaka. Moto wa shule ya Moi Girls, Nairobi, ulitokea 2017. Mwanafunzi aliyeshtakiwa alikuwa mtoto wakati huo, lakini alipohukumiwa mwaka 2022 miaka mitano kwa kuua bila kukusudia, alikuwa mtu mzima. Mzazi, mwambie mwanao haya kabla shule hazijafunguliwa.

Nje ya shule, kuna mume anayechoma nyumba kwa hasira akisema ni mali yake. Kuishi ndani au kuwa na sehemu ya umiliki si kinga ikiwa mwingine naye ana haki humo. Na hata iwe yake peke yake, akiichoma ili adai bima, ni kosa.

Mashambani watu hudhani mazao ni jambo dogo. Kuchoma miwa au mahindi yaliyosimama ni hadi miaka 14. Mahindi hayo hayo yakishavunwa na kurundikwa, adhabu inapanda hadi maisha, na rundo la makaa ni vivyo hivyo.

Kifungo cha maisha, hata hivyo, ndicho kiwango cha juu kabisa. Hakimu anaweza kutoa pungufu, kulingana na madhara na mwenendo wa mshtakiwa.

Kuhusu vilipuzi, wengi hufikiri pasipo mlipuko hakuna kosa. Kuvitega tu kwa nia ya kuharibu mali, hata visipolipuka, ni hadi miaka 14. Vikiharibu nyumba yenye watu ndani, ni hadi maisha.