Kumweka kwotabeki benchi: maana yake na wakati wake

Katika futiboli ya Marekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi. Kumweka benchi ni kumtoa kwenye kikosi cha kwanza kwa sababu ya kiwango, si jeraha. Sheria haimbani kocha, maana tofauti na soka, aliyetoka anaweza kurudi mchezo huohuo. Kinachombana ni mazoezi. Wiki ya mechi, zamu nyingi za mazoezi hupewa kwotabeki wa kwanza, kwa hiyo wa pili akiingizwa ghafla hajazoeana na wapokeaji wake, na pasi zinafika mapema au zimechelewa.

Kabla ya kuamua, kocha arudie video akitafuta kosa ni la nani. Kwotabeki akiangushwa kabla ya sekunde 2 na nusu, mara nyingi ni walinzi watano wa mbele yake waliopitwa, na yeyote angeanguka. Pasi ikimponyoka mpokeaji na kudakwa na wapinzani, takwimu humwandikia kwotabeki, ingawa hana hatia. Ndiyo maana takwimu peke yake ni shahidi mbaya. Dalili za kweli ni hizi: mpokeaji yuko huru na hamwoni, anamkodolea macho mtu mmoja mpaka mabeki wa wapinzani wanajua mpira unakwenda wapi, anakimbia hata kabla hajabanwa. Zikijirudia mechi tatu au nne mbele ya timu tofauti, na kumrahisishia kazi kwa pasi fupi hakukusaidia, aketi.

Lakini nani anaingia? Novemba 2017 timu ya Buffalo Bills ilikuwa na ushindi 5 na vipigo 4. Kocha Sean McDermott alimtoa Tyrod Taylor, aliyekuwa akipata yadi chache kwa pasi lakini hapotezi mpira ovyo, akamwanzisha Nathan Peterman, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza. Wapinzani, Chargers, walidaka pasi zake 5 katika nusu ya kwanza tu. Taylor alirudishwa baada ya mapumziko. Chargers wakashinda 54-24. Kasoro ya Taylor ilikuwa ndogo kuliko hatari ya kumtoa.

Tennessee Titans 2019 walipima vizuri zaidi. Wakiwa na ushindi 2 na vipigo 4, baada ya kutoka Denver bila pointi hata moja, walimweka benchi Marcus Mariota. Mrithi wake, Ryan Tannehill, alikuwa amecheza kama kwotabeki wa kwanza kwa misimu kadhaa katika timu ya Miami. Alishinda mechi 7 kati ya 10 zilizobaki, na timu ikafika fainali ya AFC, moja ya kanda mbili za ligi hiyo.

Kosa linalorudiwa na makocha wengi ni kumtishia mchezaji: ukikosea tena, unatoka. Hapo huacha kurusha pasi zinazohitaji ujasiri, na shambulizi zima hufa. Uamuzi ukishafanyika, mhusika aambiwe ana kwa ana kabla ya waandishi, Jumatatu au Jumanne, ili zoezi la Jumatano limkute mrithi akiwa na kikosi cha kwanza.