Meli ya kuhudumia visima vya gesi: pesa ya mwenye meli inapovujia

Anayetaka kununua meli ya kuhudumia rigi (mitambo ya kuchimba visima baharini) na majukwaa ya gesi huuliza kwanza bei ya meli. Aanze na siku.

Tuseme meli inalipwa dola 12,000 kwa siku. Mishahara, bima, vipuri na usimamizi vinakula dola 6,500, na rejesho la mkopo dola 3,500. Juu juu unaona faida ya dola 2,000. Lakini hizo dola 10,000 zinatoka siku zote 365, ilhali mapato yanaingia siku za kazi tu. Meli ikifanya kazi siku 310, inaingiza dola 3,720,000 na kutumia 3,650,000. Zinabaki dola 70,000. Siku sita nyingine bila malipo zinazimaliza zote.

Siku hizo hupotea kwa vitu vidogo. Sili ya thrasta (propela ya kusogezea meli pande zote) ikianza kuvujisha oili, mara nyingi meli lazima ipande chelezoni; nafasi ya chelezo inasubiriwa, na sili yenyewe inasafiri kutoka Ulaya au Singapore. Weka seti ya sili ghalani kabla ya kuihitaji. Mkataba wa SUPPLYTIME, fomu ya kukodisha meli iliyotungwa na BIMCO, chama cha kimataifa cha wenye meli, ndio unaotumika sana katika kazi hizi, humpa mwenye meli saa 24 za matengenezo kila mwezi bila kukatwa malipo, nazo hulimbikizwa. Mwenye meli asiyeziandika kwenye kitabu cha meli na kuzidai, anazipoteza.

Kwenye mkataba huohuo, kifungu cha 14 ndicho cha kusoma mara tatu. Msingi wake ni kila upande kubeba lake: meli yako na mabaharia wako ni juu yako, mali na watu wa mkodi ni juu ya mkodi, bila kujali nani kakosea. Ubaya huingia kwenye tafsiri ya nani yuko “kundi la mkodi”. Chukua hali ya kawaida: anayekukodi ni kampuni ya huduma, rigi ni ya kampuni ya uchimbaji, na kitalu, yaani eneo la bahari lenye gesi, ni cha kampuni ya gesi. Meli ikigonga mguu wa rigi, na mwenye rigi hatajwi kwenye kundi la mkodi, huyo kwako ni mtu baki. Anaweza kukudai ukarabati wa rigi. Hakikisha kundi linataja mwenye kitalu, wabia wake, na makandarasi wao wote wa ngazi zote. Mkodi akikifuta kifungu hicho au akakipindisha upande mmoja, mpelekee wakili na klabu yako ya bima ya dhima kabla ya kutia saini, kwa sababu klabu inaweza kukataa kulipa dhima uliyojitwika mwenyewe kwa mkataba.

Kugonga kwenyewe huanzia wapi? Mara nyingine ni kwenye umeme. Meli ya daraja la DP2, yaani inayojishikilia mahali kwa kompyuta na thrasta bila nanga, inatakiwa ibaki mahali pake hata kifaa kimoja kinachofanya kazi kikifa. Kwenye karatasi inatimiza. Halafu unashuka chumba cha injini unakuta jenereta zote zinanyonya mafuta kutoka tangi moja la siku (tangi dogo linalolisha injini), kwa sababu valvu ya kuunganisha imeachwa wazi kurahisisha kazi. Maji yakiingia tangi hilo, jenereta zote zinazima pamoja. Kabla ya kuingia eneo la usalama la mita 500 kuzunguka jukwaa, mtu ashuke akaziguse valvu kwa mkono, asitegemee orodha iliyotiwa vema kwenye daraja la nahodha.

Jambo la pili ni upande unaokaa. Kusi inapovuma kutoka kusini mashariki, kaa kaskazini magharibi ya jukwaa, ili umeme ukikatika upepo ukutoe nje. Kaskazi ni ngumu zaidi: upepo unasukuma kusini magharibi, na mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini. Hapo usikisie. Simama nje ya mita 500, acha meli ielee dakika kadhaa, tazama inakokwenda, ndipo uchague upande.

Saruji ya visima, ambayo meli hizi huibeba kwenye matangi, nayo hula pesa kimyakimya. Inasukumwa kwa hewa ya kompresa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kikaushio cha hewa kikiwa hoi, saruji inaganda chini ya tangi na kwenye viwiko vya mabomba. Puliza bomba kwa hewa kavu kabla na baada ya kila kushusha, na safari ikiwa ndefu itikise shehena kwa hewa isishindiliwe. Vinginevyo siku ya kurudisha meli utabishana na mkodi kuhusu nani alipe vijana wa kuingia tangini na nyundo, na muda wote huo meli hailipwi.

Ukinunua meli ya kushughulikia nanga za rigi, hatari ni ya aina nyingine kabisa. Meli ya aina hiyo, Bourbon Dolphin, ilipinduka magharibi ya visiwa vya Shetland, Uskoti, tarehe 12 Aprili 2007, ikiwa imejengwa mwaka uliotangulia. Walikuwemo watu 15, wakafa 8. Mnyororo uliokuwa ukivutwa ulihama kwenye deki ya nyuma ukailaza meli upande wa kushoto. Kila kazi ya nanga iwe na hesabu yake ya uthabiti, yaani kama meli haitapinduka, na nahodha awe na mamlaka ya kukataa bila kupigiwa simu na ofisi. Mwenye meli anayemsukuma nahodha amalize haraka anastahili lawama zote.

Soko nalo: bei ya mafuta ikianguka, kazi za meli hizi hupungua. Pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 110 katikati ya 2014. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Mei 2017 Tidewater, kampuni kubwa kabisa ya meli hizi, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai huko Marekani. Kwetu pigo linaweza kutoka kwingine: mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji karibu na mradi wa gesi wa kampuni ya Total, ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na tarehe 26 Aprili Total ikatangaza kushindwa kutekeleza mikataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Kazi ikisimama hivyo, kinachokulinda ni kifungu cha kuvunja mkataba mapema. Kitaje kiasi cha fidia kwa tarakimu, gharama ya kuirudisha meli bandari ya nyumbani, notisi ya siku ngapi, na kiseme wazi kwamba kusimama huko kukizidi siku kadhaa, nawe pia una haki ya kujitoa. Visanduku vya mambo hayo vikiachwa tupu kwenye fomu ya mkataba, mkodi hatakujazia.