Minyoo fundo kwenye nyanya: marigoldi ipandwe kabla, si kando

Nyanya ikinyauka saa saba mchana ilhali udongo una unyevu, halafu jioni ikasimama tena, ing'oe uitazame mizizi. Ikiwa na vinundu kama tangawizi changa, hao ni minyoo fundo (Meloidogyne), minyoo wa udongoni wadogo wasioonekana kwa macho. Usivichanganye na vinundu vya maharage, ambavyo hukaa pembeni mwa mzizi, hubanduka kwa ukucha, na ukivipasua ndani ni vyekundu. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Wengi hupanda mstari mmoja wa marigoldi kando ya nyanya wakitegemea harufu ya maua ifukuze minyoo. Harufu haina kazi hapo. Sumu, alfa-terthienili, imo kwenye mizizi iliyo hai, na inawapata minyoo wanaoingia humo au walio karibu kabisa. Mche wa nyanya ulio nusu mita pembeni haunufaiki na chochote.

Kwa hiyo marigoldi iwe ndiyo zao la msimu huo. Kwanza ng'oa mizizi yote yenye fundo uichome. Chagua Tagetes patula, ile fupi, uipande sm 20 kwa 20. Tuta la mita 1 kwa 10 hubeba miche 250 hivi. Ikae miezi miwili hadi mitatu, ukimwagilia. Hapa wengi huharibu kwa kuacha magugu: mnavu mmoja tu hulisha minyoo, na jike moja hutaga mamia ya mayai. Penye joto, kizazi kipya huchukua mwezi hivi.

Eneo likiwa kubwa, marigoldi ni kazi ya kuchosha; bora marejea (Crotalaria), mmea wa jamii ya kunde. Minyoo huingia mizizini mwake lakini wengi hawafiki kutaga, nawe unapata naitrojeni. Ikate inapoanza kuchanua, shina halijawa gumu, uikatekate na kuifukia sm 15. Subiri wiki 3 kabla ya kuhamishia miche. Ukiwahi, mabichi yanayooza huiunguza. Ukiacha marejea ikomae, weka mifugo mbali: mbegu zake zina sumu.

Kabla ya kurudisha nyanya, chota udongo sehemu kumi za shamba kwa kina cha sm 20, changanya, jaza kopo, panda mbegu ya tango. Baada ya wiki 6 osha mizizi. Ukiona vifundo, rudia marejea. Nyanya, bamia na biringanya zisubiri.