Kipindi cha matazamio baada ya ukarabati wa jengo la ghorofa

Kipindi cha matazamio ni muda ambao mkandarasi, akishakabidhi kazi, bado anawajibika kurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama yake mwenyewe. Kwenye mikataba mingi huwa miezi 6 au 12. Sehemu ya malipo yake, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, huzuiliwa: nusu huachiwa siku ya makabidhiano, nusu muda ukiisha na kasoro zikiwa zimerekebishwa.

Mkataba huo si wa mkazi mmoja mmoja. Paa, ngazi, lifti na bomba kuu ni mali ya pamoja, na Tanzania husimamiwa na umoja wa wamiliki chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Kwa hiyo mpangaji akivujiwa anamwandikia mwenye nyumba wake, mwenye nyumba anauandikia umoja, umoja unamwita mkandarasi. Barua iwe na tarehe na picha. Maneno ya ngazini na fundi hayahesabiki.

Lakini kwanza ijulikane maji yanatoka wapi. Doa likikua wakati wa mvua tu, anza na paa (na uangalie matundu ya waliofunga madishi, hayo si kosa la mkandarasi). Likiwa chini ya bafu, ziba tundu la kutolea maji kule juu, jaza sakafu maji kina cha sentimita 2 hadi 3, weka alama yalipofika, acha saa 24. Dari ikilowa, tabaka la kuzuia maji chini ya vigae limeshindwa. Jaribio hili lilipaswa kufanywa kabla vigae havijabandikwa, na ndilo linalorukwa kila kazi ikiwa na haraka.

Kama bafu hilo alilikarabati jirani kwa fundi wake, matazamio ya jengo hayahusiki: mdaiwa ni jirani.

Usilete fundi mwingine avunje vigae kabla mkandarasi hajaona. Atasema kazi imeguswa, na ushahidi utakuwa umeondoka na kifusi. Maji yakimwagika, funga koki, piga picha, basi.

Matazamio yakiisha, deni la kasoro halifutiki. Tanzania madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Kinachopotea ni ile fedha iliyozuiliwa, ndiyo maana umoja hukagua jengo zima wiki 3 au 4 kabla na kumkabidhi mkandarasi orodha moja iliyosainiwa.