Mafunzo ya ufadhili si ya waliofaulu tu

Jijini Mwanza, kuanzia Igoma hadi mwalo wa Kirumba, wengi huamini kwamba mafunzo yanayofadhiliwa na mashirika yasiyo ya kiserikali ni ya waliofaulu kidato cha nne, tena wenye mtu wa kuwashika mkono. Si ajabu: tangazo likibandikwa shuleni, aliyeacha shule ataliona wapi? Lakini zipo programu za ushonaji, uchomeleaji na umeme wa majumbani zinazomlenga huyohuyo aliyeishia darasa la saba. Soma sifa za mwombaji kwenye tangazo lenyewe, si ujumbe uliosambazwa. Kisha muulize afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kama shirika limesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Kumuuliza ni bure. Ukidaiwa “hela ya fomu” kwenye namba ya mtu binafsi, usitume kabla afisa huyo hajakujibu.