Kula njama kwa kesi ya unga (dawa za kulevya): kosa ni makubaliano, sio mzigo

Watu wakiona "kula njama" kwa chaji shiti, ile hati ya mashtaka, wanadhani ni maneno ya kujaza karatasi tu, ati kosa lenyewe ni lile la pili pale chini, la kusafirisha mihadarati. Mimi ni karani kwa ofisi ya wakili hapa Nairobi, sio wakili, kazi yangu ni mafaili na kukimbia korti za Milimani na ile ya uwanja wa ndege wa JKIA kuangalia tarehe, lakini hili swali nimeulizwa kwa ngazi, kwa lifti, hata msibani, kwa hivyo wacha niliandike mara moja.

Njama ni makubaliano. Watu wawili au zaidi wakikubaliana kufanya kosa, basi kuna kosa limeshafanyika pale pale walipokubaliana, kabla hata gramu moja haijasonga. Ndio maana mtu anaweza kushtakiwa kwa njama ya heroini na hajawahi kuishika, hakupatikana nayo, na pengine mzigo wenyewe haukuwahi kufika. Ukipanga peke yako kichwani hiyo haijawa njama, lazima kuwe na mwenzako, na nyote muwe mnajua mnakubaliana nini. Hapo kwa kujua ndipo kazi nyingi ya utetezi iko.

Kwa sheria yetu njama ya kutenda kosa kubwa iko kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 393, na adhabu yake inafika miaka saba kama hakuna adhabu nyingine imewekwa. Sasa linganisha na kusafirisha. Sheria ya mihadarati ya 1994 ilikuwa inafika kifungo cha maisha, na baada ya marekebisho ya 2022, mzigo ukipita gramu 100 unaongelea faini ya kuanzia milioni 50 ama mara tatu ya bei yake sokoni, ile itakuwa kubwa, au miaka 50 ndani, au zote mbili. Na usidhani kusafirisha ni lori na mpaka wa Namanga. Kwa hiyo sheria kuuza ni kusafirisha, kununua ni kusafirisha, kuweka stoo, kubeba, kupelekea mtu, zote zimo.

Halafu kuna ndugu ya njama ambayo watu huchanganya nayo kila siku, nia moja, kifungu cha 21. Hiyo inasema mkiungana kwa jambo haramu na mkiwa mnalitekeleza kosa likatokea, lile la aina ya kutarajiwa kwa mpango kama huo, kila mmoja anahesabiwa amelifanya yeye mwenyewe. Nia moja ni njia ya kukubandika kosa lililotendeka, njama ni kosa linalosimama lenyewe. Korti hazifurahii sana upande wa mashtaka ukirundika njama juu ya kosa ambalo tayari linaweza kuthibitishwa peke yake, na wakili macho akiona hivyo hulalamika mapema, asingoje mwisho.

Mbona basi bado wanaiweka? Kwa sababu ya ushahidi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 10, inasema kukiwa na sababu ya maana ya kuamini watu fulani walikula njama, maneno na matendo ya mmoja kuhusu huo mpango yanaweza kutumika dhidi ya wengine wote. Hebu fikiria, mtu ambaye hamjawahi kukaa meza moja ametuma voisi ya WhatsApp akasema "kijana wa teksi ako sawa, ni wetu," na hiyo voisi inachezwa kortini wewe ukiwa kizimbani. Hapo ndipo wakili anasimama kuuliza, hiyo njama imeonyeshwa na nini kingine mbali na hiyo voisi yenyewe? Na voisi ilitolewa kwa simu na nani, cheti cha ushahidi wa kielektroniki cha kifungu cha 106B kiko wapi? Nimeona watu wakicheka hivyo vyeti ati ni karatasi tu. Wacha wacheke.

Marekani ni kali zaidi, na Wakenya tuliiona kwa kesi ya kina Akasha. Baktash na Ibrahim Akasha, ndugu wawili, walikamatwa Mombasa Novemba 2014 pamoja na wengine wawili, baada ya watu wa DEA, shirika la Marekani la kupambana na mihadarati, kujifanya wanunuzi wa unga kutoka Colombia, wakapelekwa New York Januari 2017, na Oktoba 2018 wakakiri. Mashtaka yalikuwa pamoja na kula njama ya kuingiza heroini na methi (methamphetamine) Marekani, na kilo 99 za heroini zilikuwa zimekabidhiwa, lakini kwa wale wanunuzi wa uongo, kwa hivyo hakuna hata kilo moja iliyofika kwa mtaa wa Marekani. Baktash alipewa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim 23 mwaka uliofuata. Kwa sheria yao ya shirikisho, njama ya mihadarati inabeba adhabu sawa na kosa lenyewe, na heroini ikifika kilo moja unaanzia miaka 10. Lakini hata huko ukikubaliana na kachero peke yake hiyo haihesabiwi njama, maana yeye hana nia ya kufanya kosa, lazima kuwe na mwingine wa kweli.

Kazi ya utetezi kwa hizi kesi sio kupiga kelele kama kwa runinga. Mara nyingi ni kuhesabu. Mzigo ulipimwa mbele ya nani, mshtakiwa ama wakili wake alikuwepo wakati sampuli zinachukuliwa, bei ya soko imetolewa na nani. Pia dhamana: Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema utaachiliwa isipokuwa kuwe na sababu nzito, na kwa kesi za unga upande wa mashtaka karibu kila mara unasema huyu atatoroka.

Kuna mama mmoja alikuja ofisini, nimebadilisha vitu asijulikane, kijana wake anaendesha teksi na alikuwa mshtakiwa wa nne. Akaniambia, "Mwanangu hata sigara havuti, sasa hiyo njama aliila lini?" Alikuwa amebeba bahasha ya kaki na taarifa ya M-Pesa ya miezi minane. Wakili akachukua kalamu ya manjano akaanza kupaka kila pesa iliyotoka kwa mshtakiwa wa kwanza. Elfu mbili mia tano, Ijumaa. Elfu mbili mia tano, Ijumaa tena. Mashtaka yanasema huo ni mshahara wa njama. Mimi nikapewa kazi ya kuziweka kando ya safari zake kwa ile app ya teksi, nikakaa nazo mpaka saa mbili usiku, na zilikuwa zinaingiana, Eastleigh kwenda uwanja wa ndege, bei ile ile anayotoza mteja yeyote. Yaani huyo alikuwa analipwa nauli, na mtu wa kulipwa nauli inawezekana kabisa hajui kwa begi kuna nini. Hatukuhitaji kuonyesha ni malaika, tulihitaji tu hakimu abaki na shaka ya maana kama alijua.

Halafu ukurasa wa pili kutoka mwisho kukawa na elfu thelathini. Moja tu, siku ya Jumanne, haina safari.

Wakili akaigeuza ile karatasi upande wa mama. "Mama, hii ni ya nini?"

Mama akaiangalia sana. Akasema hajui, lakini Jumamosi anaenda gereza la Industrial Area kumwona, atamuuliza.

"Hapana mama, usimuulize wewe," wakili akasema. "Pale mnaongea na askari amesimama hapo, na wewe unaweza kuitwa shahidi. Akiniambia mimi, inabaki kwangu." Akaniambia nimtafutie nafasi kesho asubuhi, na hiyo karatasi isiingie kwa faili kwanza.